Harusi Iliyopita Kimya

Soroca, 17 Machi 2024

Zina mwanangu,

Nakusalimu sana. Mimi mzima. Magoti yanalalamika lakini bado yananibeba. Kuku wameanza kutaga tena. Mto Nistru haukuganda mwaka huu, ulivaa ukungu tu, na sasa umejaa na unakwenda kwa kasi chini ya ngome. Wifi yangu Agripina anakusalimu. Hupita hapa kila Jumamosi kuangalia kama nimevaa nyeusi, kisha anakunywa chai na kunisema kuhusu sukari.

Umeniuliza kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Kwenye simu, mwanangu, sisi wawili tunalia tu, na tukikata hakuna aliyesema kitu. Nikishika kalamu naweza kusema yaliyopo. Na Fanache anakuja Italia, mpaka huko Padova, kila wiki na gari lake la vifurushi. Barua haimwongezei uzito.

Tangu tumzike Baba Mkubwa wako ni miezi mitano. Bado nakuta maganda ya mbegu za alizeti katika mifuko ya koti lake. Juzi nilikumbuka jinsi alivyokuwa akibana kinywa cha tarumbeta lake kubwa kwapani kabla ya kutoka wakati wa baridi. “Shaba baridi inang’ata,” alikuwa akisema. Miaka yote ile alipiga katika beni ya Trifon, harusi na mazishi bila kubagua, na wenzake walewale ndio waliompandisha makaburini wakipiga, nafasi yake katika mstari wameiacha wazi.

Redio nimeizima mpaka tarehe ishirini Oktoba, mwaka wake utakapotimia. Muziki haupiti lango hili kabla ya hapo. Yeye alimfanyia mama yake hivyo hivyo.

Wameweka taa mpya ngomeni, na uwanja wa ndani sasa unakodishwa kwa sherehe. Jioni moja nilipanda darini kuchukua vitunguu, nikachungulia kwenye kidirisha. Ukuta ule nimeuona maisha yangu yote. Nimeukalia nikiwa mtoto, nimeanika shuka mbele yake. Jioni ile minara yote mitano iling’aa kama mkate uliotoka tanurini sasa hivi, na ukuta mwingine kama huo ulikuwa majini, unatikisika. Nilisimama na vitunguu mkononi kama mgeni aliyeshuka kwenye basi.

Fanache ana jozi zako nilizobangua, jibini ya kondoo, na mtungi wa tikiti la kuchachusha. Msalimie Ruggero. Mwambie jibini hiyo haijaoza, ndivyo inavyonuka.

Mama Mkubwa wako,
Tecla


Padova, 9 Aprili 2024

Mama Mkubwa mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima. Bibi ninayemtunza ameanza kutembea na mkongojo, na kila akifika dirishani anapiga makofi kama ameshinda mbio. Jibini Ruggero ameihamishia kwenye roshani, na kila jioni anatoka kuila peke yake huko nje. Jozi zipo. Tikiti liliisha siku lilipofika, nikanywa na maji yake. Kahawa nimeiacha kwa sasa, nakunywa maji ya limau.

Sasa jambo lenyewe. Nimeliandika mara kadhaa nikachana.

Tunaoana, mimi na Ruggero. Hilo ulilijua kabla yetu. Tumekodi uwanja wa ngome Jumapili ya tarehe kumi na nne Julai. Wazazi wake watakuja, na ndugu zao wachache. Mama yake, Ornella, hajawahi kuvuka mto wowote upande wa mashariki, na anauliza kama ngome ina lifti.

Najua Oktoba ni lini, Mama Mkubwa. Usidhani sijui. Tungeweza kungoja mpaka Novemba tungengoja, lakini haiwezekani, na sababu nitakueleza siku nyingine.

Wewe ndiye uliyenilea. Nilitaka uipate tarehe kutoka kwangu, si kutoka kwa Fanache. Sikuombi kuja. Sikuombi chochote.

Mwanao,
Zina


Soroca, 16 Mei 2024

Zina mwanangu,

Nakusalimu, na Ruggero, na bibi yenu wa mkongojo. Pasaka imepita salama. Mayai nilipaka rangi kwa maganda ya vitunguu, yalitoka mekundu kama matofali. Juzi Jumatatu ilikuwa Pasaka ya Marehemu, nikapanda makaburini na kikapu. Wote waliotoka Italia na Ureno walikuwepo, magari yamejaa mpaka barabarani. Nilitandika kitambaa juu ya kaburi la Baba Mkubwa wako Pintilie, nikaweka mkate, mvinyo na mayai, na kikombe chenye mshumaa nikampa jirani kwa ajili ya roho yake. Mama yako naye nilimwekea ua. Kaburi lake limeota vimaua vya zambarau.

Hapo ndipo nilipomwambia Agripina habari yako. Alikuwa anamenya yai.

“Julai?” akauliza. “Julai hii?”

“Hii hii.”

“Kaka yangu hajamaliza mwaka, wifi.”

“Mimi ndiye ninayelala peke yangu, nahesabu kuliko wewe.”

“Basi mwambie mtoto angoje. Ngome imengoja miaka mia tano, itashindwa kungoja vuli?”

“Ngome haiolewi, wifi.”

Alicheka kabla hajajizuia, kisha akatazama kaburi, akajifunika mdomo na kitambaa. Baadaye akasema kwa sauti ya chini, “Mwaka ni mwaka, Tecla.” Nami nilikuwa nafikiri hivyo hivyo.

Haya ndiyo ninayoweza kukuahidi. Wazazi wa Ruggero watalala katika chumba kikubwa. Ndiyo, kile tunachowekea wageni wa heshima na sikukuu, ambacho sisi wenyewe hatukilalii. Unajua nani alilazwa humo mara ya mwisho, kabla ya kupandishwa makaburini. Nimefungua madirisha, nimeanika mazulia, mito nimeipanga upya mpaka inagusa dari. Waliobaki watalala chumbani mwako ulimokuwa ukilala, na kwa Agripina, ambaye amekubali kwa sharti kwamba asilazimike kutabasamu.

Nitapika. Kupika hakukatazwi. Nitakunja nyama na wali katika majani ya mzabibu, nitatengeneza supu ya kuku na tambi, na ugali utakuwepo na krimu yake. Mvinyo wa Pintilie upo pishini, pipa la mwisho alilokamua mwenyewe.

Ila bi harusi hutoka nyumbani kwao na beni langoni. Na beni haiwezi kupiga langoni kwangu. Hilo nimeliandika nikiwa nimekaa, nikasimama, nikakaa tena, na halikubadilika.

Ya ngomeni sisemi.

Vaa sweta jioni, huko kuna unyevu.

Tecla


Padova, 5 Juni 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Sote wazima. Ruggero amejifunza kusema “asante kwa chakula” na “tafadhali, inatosha.” Nimemwambia hilo la pili huko kwetu halijawahi kumsaidia mtu.

Barua yako nimeisoma. Sawa. Nitatoka langoni kwako, na Trifon na wenzake watapita kimya. Nimekwisha mwandikia.

Usihangaike na ngome. Kama utakuwa umechoka na wageni, pumzika tu.

Asante kwa chumba kikubwa. Ninajua ulichotoa.

Zina


Soroca, 23 Juni 2024

Zina mwanangu,

Nakusalimu siku ya Pentekoste. Nimetawanya majani ya mjozi sakafuni kama kila mwaka na nyumba nzima inanukia. Paka anayakanyaga kwa adabu.

Trifon alikuja jana. Amezeeka tangu Oktoba. Alikaa kwenye benchi la langoni na kofia magotini.

“Shemeji,” akasema, “nimekuja na swali, sitaki ugomvi. Zina ameniandikia tupite kimya. Nimekuja kusikia kutoka kwako. Bi harusi akitoka hapa, tupige au tusipige?”

“Wewe ungetaka nini?”

“Unaniuliza mimi? Muulize mbuzi kama anataka kabichi.”

“Msipige, Trifon.”

“Hata kidogo? Hata ngoma peke yake, polepole?”

“Langoni kwangu piteni kimya. Niahidi.”

Akaniahidi. Kisha akauliza, “Na ngomeni utakuwepo?” Nikamuuliza kama anataka kahawa. Akasema kahawa ni nzuri.

Sasa niseme jambo ambalo wewe hulisemi.

Hujaniomba kitu tangu Aprili. Wewe, ambaye ulipokuwa mdogo uliniomba nikushushie mwezi kwa ngazi ya kuchumia cheri, na Pintilie akaenda kuileta ngazi kweli. Tikiti umelimaliza siku moja. Kahawa umeiacha. Novemba haiwezekani. Mimi sikujaliwa kuzaa, mwanangu, lakini nilikaa na mama yako alipokuwa na wewe tumboni, nazijua dalili.

Na unajua tunavyosema huku: mwenye mimba akiomba kitu ukamnyima, panya watakula nguo zako. Mama yako aliijua nguvu hiyo na akaitumia vibaya. Katikati ya joto aliomba kofia ya manyoya ya Pintilie. Pintilie akampa. Mama yako akaivaa asubuhi moja, akaisahau kwenye uzio, ikanyeshewa.

Wewe pia unaijua. Ungesema tu, “Mama Mkubwa, naomba uje,” na mjini hapa hakuna mtu, hata Agripina, ambaye angenilaumu. Ndiyo maana husemi. Umenifichia mtoto ili nibaki na hiari yangu. Nimekaa na jambo hilo siku nyingi sasa. Sikujua kama nimelea mtu wa namna hiyo.

Lakini nami nikuambie ukweli wangu. Mwaka huu ndicho kitu cha mwisho ninachoweza kumpa Pintilie. Sina kingine. Chakula hali, shati halihitaji kupigwa pasi. Nikiukata mwaka katikati, nitakuwa nimemwacha njiani. Sijui nitafanya nini, Zina. Ni mara ya kwanza kwenye barua hii naandika neno bila kujua linalofuata.

Kula vizuri. Usinyanyue bibi peke yako.

Tecla


Padova, 30 Julai 2024

Mama Mkubwa mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena. Tumefika salama. Mtoto anacheza sana nikilala ubavu wa kushoto. Ornella anawaambia majirani zake habari za chumba kikubwa. Anasema alilala kama mtu aliyelala kanisani, na hakuthubutu kugusa zulia la ukutani hata kwa kidole.

Barua yako ya Pentekoste nimeikuta hapa mlangoni. Gari la Fanache liliharibikia Hungaria, vifurushi vikaletwa na mwenzake baada ya sisi kuondoka. Kwa hiyo siku ile yote, Mama Mkubwa, sikujua kwamba unajua. Nilipotoka nyumbani kwako nilikuwa nimeshika maua mbele ya tumbo kama mwizi aliyeficha kuku.

Nataka uone nilivyoona mimi, kwa sababu wewe ulibaki langoni.

Tulipopita ndoo ya maji uliyoweka langoni kwa bahati njema, sikugeuka. Niliogopa nikigeuka nitaomba. Trifon alitangulia na tarumbeta kwapani. Yule wa matoazi aliyashika mbalimbali, moja huku moja kule, yasije yakagusana. Nilidhani tutapita hivyo mpaka penye kona tu, kisha wataanza. Hawakuanza. Barabara nzima mpaka mtoni hakuna aliyeanza. Waliokaa kwenye mabenchi walisimama. Wanaume walivua kofia, kisha wakaona ni harusi wakataka kuzirudisha, wakaziacha mkononi. Gari moja lilitaka kupiga honi kama ilivyo desturi, dereva akatutazama, akaondoa mkono. Nilikuwa nasikia viatu vyetu, na gauni langu likiburutika, na chini ya vyote hivyo, Nistru. Sijawahi kuusikia mto ule kutoka barabarani. Watu wote wale, na mto ndio uliokuwa unasema.

Ornella alinishika mkono akauliza kwa kunong’ona kama harusi za kwetu huwa hivi siku zote.

“Hapana,” nikamwambia.

“Basi sitauliza,” akasema, na akatembea kwa ncha za viatu.

Padri alitufungisha ndoa katika kikanisa kile kidogo juu ya lango la ngome, tukiwa wachache tuliotosha. Tuliposhuka uwanjani, wageni walikuwa wamesimama kuzunguka ukuta mzima, meza zimepangwa, chakula chako kinatoa moshi, na hakuna aliyeketi. Mawe yale yalikuwa juu yetu pande zote, na anga katikati imekatwa duara. Trifon aliweka tarumbeta mdomoni, akalishusha. Ahadi yake ilikuwa ya langoni tu, lakini aliona haya.

Ndipo ukaingia. Nyeusi kichwani mpaka miguuni, na aproni ya jikoni umesahau kuivua.

“Trifon, mnangoja nini?”

“Tunakungoja wewe, shemeji.”

“Mimi sijui kupiga tarumbeta.”

Mtu mmoja alicheka karibu na kisima, kisha akakohoa.

“Tuliahidi kimya,” Trifon akasema.

“Mliniahidi, na mmetimiza, na mimi ndiye niliyekosea kuomba. Hata siku ya kumzika mlipiga. Pigeni.”

Sitaisahau sauti ile. Ilizunguka ukuta, haikupata mlango, ikapanda yote juu. Mbayuwayu walitoka minarani kwa mamia. Baba mkwe wangu, mtu wa benki, alikaa chini kwenye nyasi na suti yake.

Sasa harusi imekwisha, na wewe ulikuja kwa miguu yako. Hakuna tena ninachoweza kukulazimisha, kwa hiyo leo naomba, kwa mara ya kwanza tangu Aprili: Mama Mkubwa, uje Padova Novemba. Naogopa. Nataka unishike mkono.

Zina


Soroca, 19 Agosti 2024

Zina mwanangu,

Nakusalimu wewe na anayecheza ubavu wa kushoto. Leo ni sikukuu, nimepeleka zabibu za kwanza kanisani zikabarikiwa. Ni ndogo mwaka huu, jua lilizidi, lakini tamu. Agripina amejifunga mgongo kwa shali ya sufi. Anasema ni baridi ya pishini. Mimi najua ni nini, nitakuambia.

Umeniandikia uliyoyaona. Nami nikuandikie ya langoni, kwa maana wewe hukugeuka.

Mlipopita nilibaki na ile ndoo. Nilidhani kimya kile kitakuwa cha Pintilie, kwamba kitaingia uani na kukaa nami kama yeye alivyokuwa akikaa. Hakikuingia. Kiliondoka nanyi. Niliwasikia mnavyoteremka bila sauti, na watu wakisimama, nikaona kwamba mtaa mzima unanitii mimi, mwanamke niliyezoea kuambiwa na kuku wangu la kufanya. Niliogopa. Mume wangu alijaza shaba pumzi maisha yake yote, na zawadi niliyomchagulia ni kuwaziba midomo rafiki zake, na wewe ukipita mbele yangu na mtoto ambaye huthubutu kuniambia.

Kwa hiyo sikumwacha njiani, Zina. Nilikuwa nimesimama njiani peke yangu, na yeye hakuwepo pale. Nilizima moto chini ya sufuria nikatoka. Aproni umesema kweli, niliisahau.

Uliyokuwa huyaoni ngomeni ni haya, maana ulikuwa unacheza. Nilikwambia sitacheza, mwaka ni mwaka, nikasimama katikati ya uwanja nisijue pa kwenda. Basi mkashikana mikono mkafanya duara, na duara likanizunguka, na lingine nje yake, na nje ya hilo ukuta wa ngome nao mviringo. Nikainua kichwa. Mimi mwenye nyeusi nimesimama, vingine vyote vinazunguka, hata minara niliona inakwenda. Sikulia. Nilikuwa na mshangao kama wa mtoto anayeonyeshwa nyota. Nimeishi mita mia mbili kutoka hapo miaka sitini na mmoja, na sikujua ngome imejengwa kwa ajili ya kusimama ndani yake namna ile.

Agripina alikuwa kando amekunja mikono, mguu wake wa kushoto ukicheza peke yake.

“Wifi,” nikamwambia mlipopumzika, “mguu wako umesahau msiba.”

“Kaka ni wangu na mguu ni wangu. Tuachie wenyewe.”

Baada ya sahani ya tatu ya majani ya mzabibu aliufuata mguu wake. Ndiyo hiyo shali ya sufi.

Trifon alipanda mnara wa upande wa mto kupumua. Aliporudi aliniambia kwamba ng’ambo, kwenye ukingo wa Ukraini, ambako siku hizi kwa sababu ya vita beni haiitwi na taa haziwashwi, watu walikuwa wametoka majumbani wamesimama kwenye mchanga wanasikiliza. Mwanamke mmoja alikuwa amembeba mtoto mabegani ili asikie vizuri. Basi wakapiga wameuelekea mto mpaka mwisho, kama ulivyoona. Wewe ulidhani wamelewa.

Sasa ombi lako. Sina pasipoti, nitaitafuta. Sijawahi kuvuka mpaka, isipokuwa kwa kivuko, kwenda kununua chumvi ng’ambo. Tarehe ishirini Oktoba nitamfanyia Pintilie mwaka wake, nitawapa watu mkate na mishumaa, nitavua nyeusi na kuikunja. Wiki itakayofuata Fanache ameniwekea kiti cha mbele. Anasema nisilete jibini ndani ya gari. Tutaona.

Nitakushika mkono. Usiogope, au ogopa, lakini si peke yako.

Siku ile ya Oktoba, huko mliko, mimina mvinyo kidogo, Ruggero anywe kwa niaba yako, mumtaje Baba Mkubwa wako kwa jina. Na mpaka nitakapofika, jioni ukiwa umekaa, unikumbuke na mimi.

Mama Mkubwa wako,
Tecla